Mashine, Birika na Pua ya Mzee Kapaya

Siku niliyostaafu na kukabidhi funguo za karakana ya hospitali, wawili wenu mlinivuta pembeni mkaniuliza swali moja: mgonjwa akisema mashine ya pumzi inamkausha pua, tufanye nini? Nilikuwa na sahani ya keki mkononi, na mgeni rasmi alishasimama kutoa hotuba, nikawajibu kwa kifupi kwamba ongezeni unyevu. Jibu hilo lilinikera njia nzima kurudi nyumbani. Ndilo jibu nililompa Mzee Kapaya wa Ipole, na kwa jibu hilo nusura tumpoteze. Kwa hiyo leo naandika jibu refu. Wenye haraka warukie huko mbele kwa Mzee Kapaya, ingawa nawajua, mtarudi huku mwanzo kwa sababu ya umbea.

Niliingia kazini nikiwa na miaka kumi na tisa, kwa kazi ya kufagia. Baba na mama walikuwa wamefariki ndani ya mwaka mmoja, nikiwa kidato cha pili, na mimi ndiye mkubwa wa watoto wanne. Kwetu ni Kipalapala, nyuma ya mashamba ya seminari. Majirani walitulisha msimu mzima na sijawasahau, lakini mtu halishwi na majirani misimu yote. Shule niliiacha bila kelele. Nilirudisha vitabu viwili nilivyoazima, nikapunguza sare yangu imtoshe mdogo wangu anayenifuata, nikaanza vibarua vya kupalilia na kuchota maji. Hospitali ilipotangaza nafasi ya mfagiaji, nilikwenda na viatu vya kuazima.

Siku ya kwanza nilitumwa chumba kilicho nyuma ya chumba cha upasuaji. Humo nilimkuta Mzee Mihayo, fundi wa vifaa, ameinama juu ya mashine ya kufyonza makohozi. Kipande cha mpira kilikuwa kimeingia sikioni mwake, na ncha ya pili ameigandamiza kwenye tumbo la mashine. Alikuwa na sikio moja tu linalosikia, na hilo moja alilitumia vizuri kuliko wengi wetu tunavyotumia mawili.

“Usifagie hapo,” alisema bila kugeuka.

“Shikamoo. Nimeambiwa nifagie.”

“Marahaba. Aliyekuambia hajui skrubu zangu zilipo.”

“Na wewe unajua?”

Sikukusudia ujeuri. Nilikuwa nimelea wadogo watatu kwa miaka kadhaa na ulimi wangu ulizoea kuuliza vitu vilivyopotea viko wapi. Alinitazama, akatazama sakafu, akacheka. Nilipiga magoti, nikaziokota skrubu zile moja moja, nikazipanga kwa ukubwa kwenye makopo matupu ya maziwa. Kesho yake alikwenda kwa matroni kuniomba. Matroni akamwambia, “Mchukue tu, huyo anaongea sana.”

Hivyo ndivyo nilivyoingia ufundi. Cheti sikuwa nacho, nilikuwa na makopo ya maziwa.

Kisa cha kwanza kilichonifundisha habari ya pua ni cha bibi mmoja aliyeletwa kutoka vijiji vya Uyui, amewekewa hewa ya oksijeni kutoka kwenye mtungi. Siku ya pili pua ikaanza kutoka damu. Ndugu zake wakanong'ona kwamba hospitali imemharibu, na mmoja akaanza kufunga mizigo. Mzee Mihayo aliitwa aje kuangalia mtungi. Mtungi hakuushughulikia. Alikwenda moja kwa moja kwenye chupa ndogo inayoning'inia chini ya saa ya kipimo, ile ambayo hewa hupita ndani ya maji na kutoa mapovu kabla ya kwenda kwa mgonjwa. Chupa ilikuwa kavu kama kibuyu cha mwaka juzi.

Alichukua mpira mpya, akaufunga kwenye mtungi mwingine usio na chupa ya maji, akanipa. “Vaa.”

“Mimi siumwi.”

“Vaa hivyo hivyo.”

Nilikaa nao robo saa. Kwanza kulikuwa na ubaridi, kisha kuwasha, kisha nikahisi kama nimevuta majivu. Alipoona macho yananitoka machozi aliutoa. “Sasa unajua bibi anasikia nini. Kifaa chochote kitakachogusa pua ya mtu, kwanza kiguse yako.”

Nikakabidhiwa kazi ya kujaza chupa zote kila asubuhi. Kwa bidii yangu ya mgeni nilizijaza mpaka mdomoni, nikidhani maji mengi ni huruma nyingi. Saa nne bibi yule alipiga chafya, maji yakaruka mpaka kwenye shuka ya jirani. Aliponiona naja mbio alisema, “Mjukuu wangu, mimi nilishabatizwa. Kama unarudia, mwite na padri.” Chupa ina mstari. Mpaka leo nikiona mtu amejaza juu ya mstari namsikia bibi yule.

Miaka ilipita kwa mitungi, mikanda, fyuzi na vumbi. Mashine zilikuja na vitabu vya Kiingereza ambavyo mimi na kidato changu cha pili tulivisoma kwa kubahatisha. Mdogo wangu wa mwisho, Yusta, alikuwa sekondari wakati huo. Jioni, ugali ukiwa motoni, alinisomea ukurasa mmoja mmoja, nami namweleza kifaa kikoje ili apate kuelewa anachosoma. Siku moja alifunga kitabu akasema, “Dada, hiki kitabu tunakiandika sisi wawili.” Sasa ni mwalimu. Sijui kama wanafunzi wake wanajua kwamba mwalimu wao alisoma habari za pampu za kufyonza kabla ya kusoma habari za mapenzi.

Mzee Mihayo alistaafu, nikabaki na karakana. Wagonjwa walioniita dada wakaanza kuniita mama. Cheo nilichobadilishiwa na wagonjwa ni hicho tu, na hakikuhitaji barua.

Kisha akaja Daktari Neema, daktari wa masikio, pua na koo, binti mdogo anayetembea kama anawahi basi. Yeye ndiye aliyetuletea mashine za pumzi, nne tu, zilizotumika kwingine. Kwa wale watakaosoma haya bila kuwa wa fani: kuna watu ambao wakilala koo hujifunga. Mtu anakoroma, ghafla anakata kukoroma na pumzi inakatika, kisha anashtuka kama aliyetolewa majini, na hali hiyo hurudia tena na tena mpaka asubuhi. Mchana anasinzia popote, presha inapanda, na moyo unachoka. Mashine haifanyi muujiza. Inapuliza hewa kwa mpira hadi kwenye barakoa ya puani, na ule upepo unalizuia koo lisijifunge. Mtu analala.

Tatizo ni kwamba upepo ni upepo. Watu wa Tabora hupenda kuwaambia wageni kwamba misafara ya zamani ilipumzika hapa kwa ajili ya maji na vivuli. Sibishi. Lakini hao wageni waje mwezi wa saba, wakati kuna baridi, vumbi na ukavu pamoja na midomo inapasuka kabla mtu hajatabasamu. Chukua hewa hiyo, ipulize puani kwa mtu kwa saa saba, kisha umuulize habari za asubuhi.

Mzee Kapaya aliletwa mwezi wa sita. Alikuwa mkulima wa tumbaku na mfuga nyuki wa Ipole, mtu wa mwili mkubwa na sauti ya upole, aliyekaa kwenye benchi na kusinzia kabla sijamaliza kumsalimia. Msimu ule alikuwa akichochea moto kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia majani ya tumbaku, ambacho moto wake haupaswi kuzidi wala kupungua. Alisinzia. Bani likaungua lote na tumbaku iliyokuwemo. Yeye alivutwa miguu na wanawe mapacha, Kulwa na Doto, nyusi zikiwa zimeungua. Tangu siku hiyo mapacha wale waliapa kwamba baba yao hatagusa tena moto wala kupanda mti kutundika mzinga, na mmoja wao alimfuata kila alikokwenda.

“Mpaka chooni,” mkewe, Mama Kulwa, aliniambia. “Mtu mzima anasindikizwa chooni na mtoto wake.”

Mzee alifungua jicho moja. “Doto anapiga na mluzi nje, ili nisijisikie mpweke.”

Tulicheka, lakini yeye hakucheka sana. Kazi aliyoijua maisha yake yote ni moto na miti. Daktari Neema alimweleza wazi: presha yake ni ya hatari, akiendelea hivi moyo utamshinda. Akitumia mashine kila siku, tutaona. Lakini mashine ni nne na wanaosubiri ni wengi, kwa hiyo isipomfaa itakwenda kwa mwingine. Mzee aliahidi kwa kuinua mkono kama mtu mahakamani.

Baada ya wiki tatu alirudi. Mashine ina kihesabu saa ndani, nami nilisoma: saa nane kila siku, bila kuruka hata siku moja. Daktari Neema alifurahi. “Hongera mzee! Hata vijana hawafikishi hivi.” Alipompima presha, furaha ikapungua. Ilikuwa vilevile. Alipoinama kuandika, mzee akalala, kidevu kifuani.

Niliichukua barakoa nikaigeuza kwenye mwanga. Mnajua barakoa ya wiki tatu inavyokuwa: ule mpira laini unaogusa uso hupata mafuta ya ngozi, hata ukiuosha namna gani. Ule wa Mzee Kapaya uling'aa kama wa dukani, na mikanda ilikuwa na vumbi juu.

“Mzee,” nilimgusa bega, “unaiosha kwa nini hii?”

“Sabuni.”

“Kila siku?”

“Kila siku.”

“Na mikanda?”

Alimtazama mkewe. Mama Kulwa alikaza mtandio wake.

“Anayelala na mashine ni mto,” alisema.

“Mama Kulwa!”

“Nimenyamaza wiki mbili, leo sinyamazi. Anaiwasha, anailaza kwenye mto, inapuliza mpaka asubuhi. Yeye anakoroma pembeni. Daktari, kama unataka kupima presha, pima ule mto. Una afya nzuri sana.”

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kihesabu cha mashine zile za zamani huhesabu saa za kupuliza, hakijui kama kuna mtu. Daktari Neema aliweka kalamu chini na kumuuliza taratibu kwa nini. Mzee akasema kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili wake, “Inanitoa damu puani. Kila asubuhi nikipenga, damu. Baba yangu alitoka damu puani siku tatu, ya nne tukamzika. Sikutaka mama huyu ajue kwamba naogopa.”

Daktari alimtazama puani kwa taa, akamwonyesha mkewe pia. Ngozi ya ndani ilikuwa imekauka na kupasuka, hakuna zaidi. Akampa matone ya maji ya chumvi na mafuta ya kupaka, akanigeukia mimi. “Mama Felista, fanya uwezalo. Nampa mwezi mmoja.”

Nami nikafanya. Kwenye mashine nyingine iliyokufa nilitoa chombo cha maji, kile kinachopasha maji joto kidogo ili upepo upite juu yake uchukue unyevu. Sisi tulikiita birika. Nililifunga kwenye mashine ya mzee, nikamweleza atumie maji yaliyochemshwa na kupozwa kwa kuwa yale ya dukani, yaliyosafishwa kwa mvuke, hayafiki Ipole, amwage yanayobaki kila asubuhi, na aanike birika likauke. Birika lina namba, moja hadi tano. Nilikuwa na watu kumi wanasubiri mlangoni. Nikaweka tano. “Ongeza unyevu tu, mzee, pua itapona.”

Wiki mbili baadaye walirudi kabla ya siku yao. Nilisikia harufu kabla sijafungua boksi, harufu tamu iliyochacha, kama pombe ya harusi iliyosahauliwa. Nilipofungua birika, sisimizi walitoka kwa foleni, wengine wanaingia kwenye mpira, wengine wanatoka, wote na shughuli zao.

“Mzee, umeweka nini humu?”

“Asali. Kijiko kimoja.”

“Vitatu,” alisema Mama Kulwa.

“Koo likikauka tunalamba asali,” mzee alijitetea. “Nikasema pua nayo ni jirani ya koo. Na hii si asali ya kuchanganya, mama, ni asali yangu mwenyewe ya miombo.”

“Hata kama ni ya mbinguni! Humo ni maji matupu tu.”

“Basi maji yako matupu yameniua. Nimelala Ipole nimeamka ziwani. Yanapanda kwenye mpira, gululu, gululu, yananiingia puani. Ndipo nikaona niyape asali angalau yawe na faida.”

Nilisafisha mashine ile asubuhi nzima. Mpira niliutupa, birika nikalisugua, chujio nikabadilisha. Nikiwa nasugua nilimkasirikia mzee, kisha nikakaa chini. Asali ilikuwa kosa lake, lakini gululu lilikuwa kosa langu. Kwa miaka yote nilivaa kila kifaa kabla ya kumvisha mtu, na hiki, kwa sababu ya foleni mlangoni, sikukivaa. Mchana ule nikafunga mlango wa karakana, nikalala kwenye benchi na mashine usoni, birika likiwa namba tano. Haikupita saa moja. Hewa ya joto yenye maji ilipita kwenye mpira uliolala kwenye baridi ya mwezi wa saba, unyevu ukageuka matone ndani kama umande, yakatiririka kwangu. Nikakohoa kama niliyesukumwa kisimani. Nikaweka moja, pua ikawasha. Kwa hiyo palikuwa na kiasi mahali fulani katikati, na kila pua na kila chumba vina kiasi chake. Nilichokosa ni namna ya kumfundisha mtu wa Ipole akitafute mwenyewe, mimi nisipokuwepo.

Walirudi nyumbani na mashine yao, na siku chache baadaye nilipanda gari la huduma ya mkoba lililokuwa likienda kliniki za vijiji vya Sikonge, nikashukia kwa Mzee Kapaya. Nilipoingia chumbani kwake nilipata jibu la nusu ya matatizo. Kitanda kilizungukwa na marobota ya tumbaku, hadi dirishani. Wanunuzi walikuwa wamechelewa, na mkulima hawezi kuiacha mali yake nje. Mashine ilikuwa sakafuni katikati ya marobota. Nilichomoa chujio: nililiweka jipya wiki ile ile, nyeupe, nalo lilishakuwa rangi ya ugoro. Usiku kucha mashine ilivuta vumbi la tumbaku na kumpulizia puani.

“Tumbaku hii itoke humu ndani,” nilisema.

“Iende wapi? Kulala na tumbaku nimelala tangu utoto.”

“Ulipokuwa ukipumua mwenyewe. Sasa unapuliziwa.”

Alitoka, akarudi na boksi ambalo kumbe alishalitayarisha. Aliitia mashine ndani, akalifunga kwa kamba ya katani, mafundo mawili. “Mchukulie huyo anayesubiri. Umehangaika vya kutosha, mama. Mimi na pua yangu tutakwenda tutakakokwenda.”

“Sikuja kuchukua mashine.”

“Basi umekuja kutembea. Karibu uji.”

Nitawaambia ukweli: nililishika boksi lile. Daktari aliwahi kusema kwamba mtu hatibiwi kwa nguvu, na dereva alikuwa akipiga honi. Nilitoka nalo mpaka uani. Pale Kulwa na Doto walikuwa wanachambua majani ya tumbaku kwa madaraja ya ubora, mama yao amekaa kwenye mkeka. Kulwa alivuta jani kutoka kwenye ufito lilipofungwa, likavunjika mkononi mwake kama kaki.

“Kulwa!” Mzee alifoka nyuma yangu, na ile sauti ya upole haikuwepo. “Unaua jani hilo! Huoni limekauka? Jani kavu haliguswi. Tandika magunia yenye maji chini yake, liache livute unyevu kwanza.”

“Nimwage ndoo, baba?”

“Ukimwaga ndoo linaota ukungu, tumeshalipoteza. Nyunyiza kidogo. Subiri. Lishike. Bado linalia kwa ukavu? Nyunyiza tena kidogo. Likikunjika bila kuvunjika, basi, umefika, usiongeze.”

Mama Kulwa aliacha kuchambua. “Baba Kulwa, rudia.”

“Nirudie nini?”

“Hayo ya jani. Huyu mama wa hospitali amesimama mbali, labda hakusikia vizuri. Na wewe mwenyewe labda hukusikia.”

Doto alimtazama baba yake, akaangalia boksi, akaanza kucheka, Kulwa akamkanyaga mguu. Mzee Kapaya alijigusa pua kwa kidole. Kisha alikuja, akalichukua boksi mikononi mwangu, akakaa kwenye mkeka na kufungua mafundo yake mwenyewe, moja baada ya jingine. Dereva alipiga honi tena, hakuna aliyemjali.

“Namba ziko wapi?” aliniuliza.

Nilimwonyesha. Akaweka moja. “Siku mbili hapa. Halafu nalishika jani.”

Tulifanya kazi iliyobaki pamoja. Marobota yalihamia kwenye chumba cha mapacha, ambao walinung'unika wakaambiwa wao hawana mashine. Mashine ilipandishwa juu ya meza, pakavu, lakini chini kidogo ya kichwa cha mlalaji, ili maji yakijikusanya yarudi kwenye birika. Mama Kulwa alichana kipande cha blanketi kuukuu akauvisha mpira wote kama mtoto wakati wa baridi, ili hewa isipoe njiani. Nilimfundisha kuosha chujio na kumtazama mumewe mdomo: mtu akiachama, upepo unakimbilia nje na pua inakauka hata birika lijae.

Baada ya hapo alinipigia simu kila siku ya tatu, bila salamu ndefu. “Moja. Linavunjika.” Kisha, “Mbili. Damu hakuna, lakini linalia.” Siku moja nikiwa sokoni nachagua nyanya, simu ikaita. “Tatu,” alisema. “Mama, linakunjika.” Nilikaa chini pale pale kati ya mafungu ya nyanya, simu sikioni. Muuza nyanya aliniuliza kama nimepata msiba.

Kliniki iliyofuata presha ilikuwa imeshuka. Barakoa ilikuwa na mafuta yake halali. Mzee alikaa wima kwenye benchi muda wote, akiwachungulia wanaosinzia kwa jicho la mtu aliyeokoka.

Kwa hiyo, wenzangu, jibu refu ni hili. Pua ikilalamika, tazameni chujio, kisha mdomo, kisha chumba anacholala, na msiogope kuingia hicho chumba. Damu ikizidi, apelekwe kwa daktari, asitibiwe karakana. Unyevu muanzie chini mpande kidogo kidogo, na mwenye pua ndiye atakayewaambia mahali pa kusimama. Tafuteni kwanza anafanya kazi gani. Mwashi anajua mchanganyiko mkavu ni upi, mwoka mikate anajua unga unaotaka maji. Mtu akishajua jambo kwa mikono yake, hakuna haja ya kumfundisha upya.

Mwezi wa pili uliofuata nilipita Ipole tena na gari la mkoba kusoma kihesabu. Mvua ilikuwa imenyesha na njia imejaa tope. Mama Kulwa alinielekeza kwenye bani jipya, moshi ukitoka. Nilimkuta Mzee Kapaya ameketi kwenye kigoda mbele ya tundu la moto, ameshika kipande cha kuni, macho kwenye kipimajoto. Nyuma yake, juu ya magunia, Kulwa na Doto walikuwa wamelala chali, vinywa wazi, wanakoroma kwa kupokezana.

“Shikamoo mzee,” nilisema.

Aliweka kidole mdomoni.

“Marahaba. Polepole, mama, usiwaamshe.” Akasukuma ile kuni ndani, akatazama kipimajoto tena. “Ni zamu yao ya kunilinda.”